Njia za Muziki Kufika Sebuleni: Kutoka Santuri hadi Strima katika Mwanza na Kiseke

Historia ya vyombo vya muziki vya nyumbani katika mji wa Mwanza haiwezi kuandikwa kwa kufuata vyombo peke yake, kwa kuwa kila chombo kilichowahi kukaa sebuleni kiliingia kwa sababu ya njia fulani iliyokuwa imefunguliwa kabla yake: reli, meli ya ziwani, masafa ya redio, kanda ya sumaku, simu ya mkononi, na sasa mkongo wa mawasiliano. Njia ilipofunguka chombo kilinunuliwa, na njia ilipoziba chombo kiligeuka pambo la kabati. Hali hiyo inakihusu pia kifaa kipya kinachoitwa strima, yaani kisanduku kinachovuta muziki kutoka kwenye intaneti au kutoka kwenye diski iliyomo nyumbani, kikaugeuza kuwa sauti na kuukabidhi kwa amplifaya, mashine inayoikuza sauti hiyo hadi iweze kusukuma spika. Mkazi wa Kiseke, kata ya Manispaa ya Ilemela iliyo nje kidogo ya katikati ya jiji, anapotafuta strima ya bei ya kati anafanya uamuzi ambao umekwisha kufanywa mara nyingi katika mwambao huu wa Ziwa Victoria, ingawa kwa mashine nyingine.

Mwanza ilianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1892, na kwa miaka mingi bidhaa za ng'ambo ziliufikia mji huo kwa mzunguko mrefu, hasa kwa reli ya Uganda hadi Kisumu na kisha kwa meli. Reli kutoka Tabora ilipofika ziwani mwaka 1928, Mwanza ikawa na milango miwili, mmoja ukielekea Dar es Salaam na mwingine Nairobi, na milango hiyo ndiyo iliyoamua ni muziki gani ungesikika katika nyumba za mji kwa nusu karne iliyofuata. Mwaka huohuo wa 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari pamoja na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi nyimbo za taarab kwa kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ambayo santuri zake zilibeba chapa ya His Master's Voice, na hivyo kukawa na hazina ya nyimbo za Kiswahili ambazo mtu angeweza kuzinunua dukani na kuzisikiliza bila ya kuwahi kumwona mwimbaji.

Santuri ya wakati huo ilikuwa sahani nzito, nyeusi, iliyoundwa kwa utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa India, na ilizunguka mara 78 kwa dakika huku upande mmoja ukibeba wimbo wa dakika tatu hivi. Ilivunjika ikianguka na sindano iliyoichezesha ililazimika kubadilishwa mara kwa mara. Lakini gramafoni iliyoicheza ilikuwa na sifa moja ambayo hakuna chombo kilichokuja baadaye kimeweza kuirudia kikamilifu, kwamba haikuhitaji umeme wa aina yoyote. Ilitiwa ufunguo kwa mkono kama saa ya ukutani, springi yake ikazungusha sahani, na mtetemo wa sindano ukakuzwa na pembe au na tundu lililofichwa ndani ya sanduku. Katika nchi ambayo umeme ulikuwa mali ya mitaa michache ya wakoloni na wafanyabiashara, hiyo ndiyo sababu iliyoiwezesha gramafoni kufika hata katika vijiji vya pamba, mahali ambapo mashine bora zaidi ya umeme isingekuwa na kazi.

Kuanzia mwaka 1933 kampuni hiyohiyo ya Gramophone ilianza kutoa mfululizo wa santuri uliotambulika kwa herufi GV, nyingi zikiwa za muziki wa Kuba, na santuri hizo zilipouzwa barani Afrika zikawa miongoni mwa mbegu za rumba ya Kongo. Mwaka 1948 kampuni ya Ngoma ilianza kurekodi wanamuziki wa Kikongo mjini Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa, na kwa mji unaoelekea Kongo, Uganda na Kenya kwa wakati mmoja, nyimbo hizo hazikuwa za kigeni kwa maana ambayo zingekuwa za kigeni katika mji wa pwani. Fedha za kununulia zilitoka shambani. Wakulima wa Usukuma walijiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambalo lilinunua pamba ya Kanda ya Ziwa moja kwa moja kutoka kwa mkulima. Hivyo msimu wa mauzo ulipofika, baiskeli, cherehani na vyombo vya muziki vilipata wanunuzi ambao mwaka uliotangulia wasingethubutu kuuliza bei.

Inafaa kukumbuka kwamba muziki ulioingia kwa njia hiyo ulikuta muziki mwingine ukiwa na mpangilio wake madhubuti. Vikundi viwili vikubwa vya ngoma za Wasukuma, Bagalu na Bagika, vilishindana hadharani baada ya mavuno, na mshindi alikuwa yule aliyewavuta watazamaji wengi upande wake. Wimbo katika desturi hiyo ulikuwa jambo la uwanjani, lenye vumbi na umati, na sauti iliyosikika mbali ilihesabiwa kuwa sehemu ya ustadi. Gramafoni ndiyo iliyoanza kuuhamishia wimbo ndani ya nyumba, ingawa kwa muda mrefu haikuufungia humo, kwa sababu mwenye gramafoni alikuwa na majirani.

Redio ilibadilisha hesabu yote. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikageuzwa kuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kwa karibu miaka thelathini ilikuwa sauti pekee ya utangazaji wa ndani katika Tanzania Bara. Redio za mwanzo zilitumia vali, yaani taa za kioo zinazokula umeme mwingi, na kwa sababu hiyo zilibaki mjini. Lakini transista, kipande kidogo kinachofanya kazi ya vali kwa kutumia nguvu kidogo sana, kilipoanza kutumika katika redio za kuuzwa madukani mwaka 1954, chombo kikaweza kuendeshwa na betri kavu na kubebwa mkononi. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na betri zake za National zikawa bidhaa ya kawaida katika maduka ya vijijini, sawa na chumvi na kiberiti.

Mnunuzi wa redio katika Mwanza ya miaka ya 1960 na 1970 hakutazama kwanza ukubwa wa spika. Alitazama idadi ya bendi, yaani mafungu ya masafa ambayo redio iliweza kupokea, kwa sababu mawimbi mafupi yalisafiri mbali na kumletea Dar es Salaam, Nairobi, hata Ulaya, na alitazama idadi ya betri ambazo chombo kingedai kila baada ya wiki kadhaa. Kulikuwa pia na kikwazo cha mahali penyewe: uchunguzi wa setilaiti umeliweka Ziwa Victoria miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, hasa nyakati za usiku, na kila radi hutoa mkwaruzo unaosikika katika mawimbi ya kati na mafupi. Saa ambazo familia ilikuwa imetulia kusikiliza zikawa ndizo saa ambazo anga la ziwa lilikuwa na ghasia nyingi.

Redio ya taifa nayo ilikuwa na wajibu ambao mahali pengine ulibebwa na viwanda vya santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Bendi zake zilirekodi katika studio za redio ya taifa, na zile zilizotaka kuona nyimbo zao zikiuzwa dukani zilitegemea Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, mlango wa Nairobi ukaziba zaidi kwa Mwanza kuliko kwa mji wowote wa pwani, kwa kuwa meli zilizokuwa zikiunganisha bandari za ziwa chini ya shirika moja ziligawanywa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na uhaba wa fedha za kigeni uliofuata vilikamilisha kazi hiyo. Katika miaka hiyo mwenye gramafoni alikuwa na sahani zilizochakaa na hakuwa na mahali pa kupata mpya, ilhali mwenye redio aliendelea kupata nyimbo mpya za Tanzania kila siku, maadamu alikuwa na betri. Na betri zilipoadimika watu walizianika juani ili zitoe nguvu ya mwisho iliyobaki. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi kwamba ubora wa sauti, ambao kwao santuri mpya iliipita redio ya mkononi, haukuwa na thamani pale njia ilipokatika.

Kanda ya kaseti, ambayo Philips iliionesha kwa mara ya kwanza mwaka 1963, ilienea Mwanza kwa wingi baada ya serikali kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa mwaka 1984 na kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta mali bila ya kuulizwa zilikotoka. Redio-kaseti iliunganisha kipokezi, kinasa sauti na spika katika sanduku moja, ilitumia umeme wa shirika la TANESCO ulipokuwepo na betri usipokuwepo, na ikampa mwananchi wa kawaida uwezo ambao hakuwahi kuwa nao, wa kuuchukua wimbo kutoka hewani na kuuweka. Msikilizaji alisubiri wimbo utangazwe, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kuanzia hapo wimbo ukawa wake. Kati ya mashine zote zinazozungumziwa katika insha hii, hiyo ndiyo iliyobadilisha maisha ya nyumbani kwa kina zaidi, na umuhimu wake haujapewa nafasi inayostahili katika maandishi ya historia ya muziki wa Afrika Mashariki, ambayo hupenda kuzungumzia wapiga gitaa na kuwasahau wasikilizaji.

Uhuru huo ulikuwa na gharama iliyolipwa na mtu mwingine. Vibanda vya kurudufu kanda vilienea kila mji, mashine zenye deki mbili zilizalisha nakala siku nzima, na mwanamuziki aliyepiga gitaa katika wimbo huo hakupata chochote. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, iliyozaa chombo cha kusimamia haki hizo kinachojulikana kama COSOTA, ilikuja wakati ambapo biashara ya kanda ilikuwa imekwisha kukomaa na ilikuwa karibu kuondolewa na teknolojia nyingine. Katika muongo huohuo utangazaji ulikuwa umefunguliwa kwa watu binafsi, na Mwanza ikapata kituo chake chenyewe, Radio Free Africa, hivyo kwa mara ya kwanza muziki wa sebuleni haukulazimika kusafiri kutoka Dar es Salaam.

Diski ya CD, iliyoingia katika soko la dunia mwaka 1982, ilipita Mwanza kwa kasi na haikuacha alama kubwa, kwa kuwa ilifika karibu pamoja na mrithi wake. Mrithi huyo alikuwa faili la MP3, mfumo uliotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, ambao huupunguza ukubwa wa wimbo kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Faili hizo zilijaa kwenye flashi na kadi za kumbukumbu, zikaingizwa kwa ujira mdogo na vijana wenye kompyuta katika vibanda vya stendi na masoko, na zikachezwa kwenye sabufa, seti ya spika ndogo mbili au zaidi na sanduku moja kubwa la besi, yenye tundu la flashi na redio ya FM mbeleni. Sabufa ndiyo bado chombo cha muziki cha nyumba nyingi za Kiseke. Wapenzi wa sauti safi huidharau, na kwa upande wa usafi wa sauti wana haki. Lakini imechaguliwa kwa sababu zilezile zilizofanya redio ya transista ichaguliwe, kwa kuwa inapokea muziki kutoka kila njia iliyopo na haidai njia ambayo haipo.

Strima ilizaliwa mbali na mazingira hayo. Mwaka 2001 kampuni ndogo ya Marekani, Slim Devices, ilitoa kifaa cha kucheza faili za MP3 kupitia mtandao wa nyumbani. Mwaka 2005 Sonos, nayo ya Marekani, ikaanza kuuza vifaa vyake. Mwaka 2007 kampuni ya Linn ya Scotland, iliyojijengea jina kwa mashine za santuri, ikatoa strima ya bei ya juu, na kufikia mwisho wa mwaka 2009 ikawa imeacha kabisa kutengeneza mashine za CD. Afrika Mashariki wakati huo ndiyo kwanza ilikuwa inaunganishwa na dunia kwa nyaya za baharini, SEACOM ikiwa imeanza kazi Julai 2009, huku mkongo wa taifa ukisambazwa kutoka pwani kwenda mikoani. Huduma za muziki zilifuata: Mdundo ya Kenya, Boomplay iliyoanzia Nigeria mwaka 2015, na Spotify iliyofunguliwa Tanzania mwaka 2021. Zote zilimfikia msikilizaji wa Mwanza kwanza kupitia simu, na strima ikabaki kifaa cha wachache.

Kiseke yenyewe ni zao la kipindi hicho. Upanuzi wa jiji kuelekea vilima vya Ilemela uliharakishwa na miradi ya makazi, ukiwamo ule wa mfuko wa pensheni wa PPF, ambao jina lake limebaki kwenye mtaa hata baada ya mfuko huo kuunganishwa na mingine kuwa PSSSF mwaka 2018. Nyumba nyingi ni za matofali ya saruji, zimejengwa kati ya mawe makubwa ya itale na kwenye miteremko, na mambo hayo ya ujenzi na ardhi, ambayo kitabu cha maelekezo cha kiwandani hakiyataji, yana uzito mkubwa katika kuchagua. Jabali au kilima kinaweza kuikinga nyumba moja isipate mawimbi ya mnara wa simu ambayo jirani wa juu anayapata barabara. Ndani ya nyumba, ukuta wa saruji huyadhoofisha mawimbi ya Wi-Fi, na yale ya gigahezi 5, yenye kasi zaidi, hudhoofika kuliko yale ya gigahezi 2.4, kwa hiyo strima yenye uwezo wa kutumia masafa yote mawili, na zaidi ya hapo yenye tundu la waya wa mtandao, ina thamani kubwa hapa kuliko yenye kioo cha rangi kwa bei ileile.

Hesabu ya data nayo imechukua nafasi ya hesabu ya betri. Muziki unaorushwa kwa kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kiwango cha juu kabisa cha Spotify, hutumia megabaiti 144 kwa saa, kiasi kwamba familia inayosikiliza saa mbili kila siku hutumia karibu gigabaiti 9 kwa mwezi. Muziki wa ubora wa CD, ambao sauti yake hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde, hata ukifungwa kwa mfumo wa FLAC unaopunguza ukubwa bila ya kutupa chochote, huweza kupita gigabaiti 20 kwa usikilizaji uleule. Kwa nyumba yenye intaneti ya malipo ya mwezi isiyo na kikomo tofauti hiyo ni ndogo. Kwa nyumba inayonunua bando la simu, ni tofauti kati ya chombo kinachotumika na kinachozimwa kufikia tarehe kumi.

Bei ya kati katika soko la dunia ni dola mia chache, na strima ya dola 500 huvuka shilingi milioni moja kabla ya usafiri na kodi kuhesabiwa. Sehemu kubwa ya fedha hizo hulipia kigeuzi, yaani saketi inayozibadilisha tarakimu za faili kuwa mkondo wa umeme unaofanana na sauti, na kulipia programu inayoendesha kifaa. Vigeuzi vimekuwa vizuri kiasi kwamba tofauti kati ya vile vya bei ya kati ni ndogo, na anayeunganisha strima na spika za kawaida atapata faida zaidi akiongeza fedha kwenye spika. Programu ndiyo yenye hatari. Logitech, iliyoinunua Slim Devices, iliacha kutengeneza strima zake za Squeezebox mwaka 2012, lakini kwa kuwa programu ya kuvihudumia ilikuwa wazi kwa umma, wapenzi wake wameitunza na vifaa hivyo vinafanya kazi hata baada ya huduma ya kampuni kufungwa mwaka 2024. Mnunuzi wa Kiseke, aliye mbali na mawakala na anayetegemea fundi wa mtaani, ana sababu ya kupendelea kifaa ambacho uhai wake hautegemei ridhaa ya kampuni moja, na ambacho hucheza faili zilizomo katika diski ya nyumbani hata siku ambayo intaneti haipo.

Umeme wenyewe haujaacha kuwa sehemu ya uamuzi. Strima hutumia wati chache tu na inaweza kuendeshwa kwa betri ndogo pamoja na ruta, kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, lakini amplifaya ya kawaida haiwezi kubebwa hivyo kwa muda mrefu. Radi ya ziwa, iliyokuwa ikikwaruza redio, sasa hupenya kwa njia mbili, waya wa umeme na waya wa mtandao, na kinga ya njia moja tu haitoshi. Waya zote mbili zinapaswa kuchomolewa dhoruba inapokaribia.

Jambo zito kuliko yote ni nyimbo zenyewe. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi muziki wa makabila mengi ya Tanganyika, wakiwamo Wasukuma, na rekodi hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini. Kanda za bendi za zamani ziko katika maktaba ya redio ya taifa Dar es Salaam. Na waimbaji wa Kisukuma wa leo, kama Budagala Mwanamalonja, huwafikia wasikilizaji wao hasa kupitia YouTube. Strima za bei ya kati, zilizoundwa kwa ajili ya msikilizaji wa Ulaya na Marekani, kwa kawaida huja na huduma za muziki za Spotify, Tidal na Qobuz ndani yake, na hazina Boomplay wala YouTube, hivyo muziki wa Kanda ya Ziwa hulazimika kupitia simu, kwa Bluetooth au kwa mfumo wa Google Cast, kabla ya kuingia katika mashine iliyonunuliwa kwa zaidi ya shilingi milioni moja. Kifaa kinachopokea njia hizo mbili pamoja na diski ya nyumbani kitaubeba muziki wa Usukuma kwa urahisi; kisichozipokea, hata kigeuzi chake kiwe kizuri namna gani, kitacheza kila kitu isipokuwa nyimbo za mahali kilipo.